Kununua kamera na lenzi kwa anayepiga picha kwa raha zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayepiga picha kwa mapenzi: Jumapili ufukweni, harusi ya binamu, ndege wa bustanini. Mwenye studio ana hesabu nyingine, maana kifaa chake kinajilipa. Chetu hakijilipi. Kinatoka kwenye mshahara uleule wa ada na kodi ya nyumba, ndiyo sababu inafaa kuuliza mengi kabla ya kutoa pesa. Maswali nimeyaacha karibu na jinsi watu wanavyoyauliza.

Kaka, nina laki nane za Tanzania. Ninunue kamera gani?

Kwanza niambie unataka kupiga nini. Ukisema "kila kitu", nitakuuliza tena: picha gani umezitamani mwezi huu ukashindwa kuzipata? Jibu lako ndilo litakalochagua lenzi, na lenzi ndiyo itakayochagua bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Watu wengi huenda kinyume: wananunua bodi mpya kwa pesa yote, wanabaki na lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi, kisha wanashangaa picha za usiku zimejaa chenga.

Kwa kiasi hicho tafuta mtumba, na pesa nyingi iende kwenye lenzi. Bodi ni gari, lenzi ni kiwanja. Bodi ya miaka kumi iliyopita bei yake imeporomoka, lakini lenzi nzuri ya wakati huohuo bado inauzika kwa bei ya heshima, kwa sababu kioo hakipitwi na wakati haraka. Bakiza pia ya kadi, betri ya pili na begi. Vitu hivyo havikwepeki, na ukivisahau utakopa.

Simu yangu inapiga vizuri kuliko kamera ya rafiki yangu. Kamera ya nini?

Inawezekana huihitaji, ingawa muuzaji wa kamera hatakuambia hivyo. Chakula, mtaa, mandhari, familia mchana: simu ya leo inachukua picha kadhaa kwa mpigo, inaziunganisha na kukupa moja safi. Inashindwa mahali patatu. Kwanza ni umbali: ndege aliye juu ya mti atabaki doa, hata uvute zumu kiasi gani. Pili ni mwendo kwenye mwanga hafifu, mfano mtoto anayekimbia sebuleni saa mbili usiku. Tatu ni flashi ya kweli, ile unayoweza kuielekeza kwenye dari ili mwanga ushuke kwa upole usoni.

Kama katika hayo hakuna linalokukera, baki na simu yako. Nunua stendi ndogo, tembea asubuhi mapema.

DSLR au hizi mpya zisizo na kioo?

DSLR ina kioo ndani kinachopeleka mwanga wa lenzi moja kwa moja hadi kwenye kitundu cha kuangalizia. Kamera zisizo na kioo zimekitoa hicho, na unachokiona ni skrini ndogo inayokuonyesha picha kama itakavyokuwa, ikiwa nyeusi au ikiwa imeungua. Kwa anayejifunza hilo ni jambo kubwa. Na bodi za miaka ya karibuni zinalitafuta jicho la mtu na kuling'ang'ania hata akigeuka.

Lakini tazama soko. Canon na Nikon walianza vifungio vyao vipya (pale lenzi inaposhikana na bodi), RF na Z, mwaka 2018, na tangu hapo nguvu zao zimehamia huko. Wataalamu wanahama, wanauza vya zamani. Kifungio cha Canon EF kipo tangu 1987 na cha Nikon F tangu 1959, kwa hiyo mtumba wake umejaa dunia nzima. Kwa mwenye pesa kidogo hii ni neema. DSLR haijaacha kupiga picha nzuri kwa sababu kiwanda kimegeukia kwingine.

Maoni yangu: kama bajeti ni ndogo na unapiga picha tu, bila video, chukua DSLR ya mtumba bila aibu. Betri yake pia inakaa zaidi, kwa sababu kuangalia kupitia kioo hakuli umeme, na kwenye kambi isiyo na soketi utalikumbuka hilo. Kama video ni nusu ya unachofanya, au unapiga picha za watoto na michezo, jibane upate isiyo na kioo. Sony a6000 ya 2014 ni ya zamani kwenye kundi hilo lakini bado ina megapikseli 24 na fokasi ya haraka. Haitulizi mtikisiko ndani ya bodi, kwa hiyo utategemea lenzi.

Canon, Nikon au Sony?

Ile waliyo nayo jamaa zako. Nazungumza kwa dhati. Ukiwa na kifungio kimoja na shemeji yako, utaazima lenzi yake wikiendi, utajua kama unaihitaji kabla ya kununua, na chaja ikisahaulika safarini kuna nyingine. Ubishi wa jina gani linapiga picha nzuri zaidi waachie wenye muda.

Angalia pia fundi wa mjini kwako amezoea kufungua nini na maduka yanayokodisha lenzi yana za nani. Fujifilm wana kamera za kupendeza sana, ila katika miji yetu mingi utapata shida kumpata wa kukuazima lenzi.

Lenzi yoyote ya Canon itaingia kwenye Canon yoyote?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapopigwa, mara nyingi na muuzaji ambaye naye hajui.

Canon. Lenzi za EF zinaingia kwenye DSLR zote za EOS. Za EF-S zilikuja 2003 pamoja na 300D, ni za bodi zenye sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea picha badala ya filamu) ndogo tu. Haziingii kwenye 6D au 5D. Zote mbili, EF na EF-S, zinafanya kazi kwenye bodi mpya za RF kwa kutumia adapta, fokasi ikiwemo. Kuna ndugu wa nne aliyeachwa njiani: EF-M, ya kamera kama M50. Lenzi zake haziendi kwenye RF, na Canon wameshauzima mfumo huo. M50 ni kamera nzuri ya video na mtumba wake unavutia, ila inunue ukijua kwamba lenzi za EF-M hutahama nazo.

Nikon. Hapa shida si kuingia, ni injini ya fokasi. Lenzi za zamani za AF na AF-D hazina injini ndani, zinazungushwa na bodi. D7000 na ndugu zake wa juu wanayo hiyo injini. Mfululizo wa D3000 na D5000 hauna: lenzi itaingia, picha itatoka, lakini fokasi utaizungusha kwa mkono. Tafuta herufi AF-S. Kinyume chake kipo kwa AF-P, ambazo ni mpya: bodi za zamani kama D90 na D3000 haziwezi kuziendesha. Na adapta ya FTZ, inayopeleka lenzi za F kwenye bodi za Z, haina injini ya kuzungusha AF-D.

Sony. Neno Alpha limeandikwa kwenye familia mbili. Lenzi za A zina asili ya Minolta na ni za DSLR zao. Za E ni za zisizo na kioo, tangu 2010. Haziingiliani bila adapta. Ukiona lenzi ya Sony kwa bei ya kutupa, angalia kwanza ni A au E.

Sigma na Tamron wanatengeneza lenzi ileile kwa vifungio tofauti. "Ni Sigma" haitoshi, uliza ni Sigma ya nini.

Hiyo fulu fremu ni lazima?

Si lazima. Sensa yake ni milimita 36 kwa 24, sawa na filamu ya zamani. Sensa ndogo ya APS-C ni takriban 23 kwa 15, hivyo inakata pembeni na lenzi inaonekana ndefu zaidi: mara 1.5 kwa Nikon na Sony, mara 1.6 kwa Canon. Lenzi ya milimita 300 (namba ikiwa kubwa, inavuta mbali zaidi) kwenye Nikon ya sensa ndogo inakuonyesha kile ambacho mwenye fulu fremu angehitaji 450. Kwa wa ndege na wanyama hiyo ni zawadi.

Fulu fremu inashinda gizani na kwenye kufifisha kilicho nyuma ya mtu. Gharama yake haiishii kwenye bodi, kwa sababu lenzi zake ni kubwa, nzito na ghali.

Lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera nitupe?

Usiitupe. Mchana inafanya kazi yake vizuri kuliko inavyosifiwa. Udhaifu wake ni tundu la kuingiza mwanga, ambalo namba yake ya f ikiwa ndogo ndivyo linavyofunguka zaidi: ukivuta hadi 55 inafunguka mwisho f/5.6. Lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 ya huo. Ndiyo tofauti ya picha ya sebuleni iliyotulia na ile iliyovurugika.

Ndiyo maana kila mtu anaambiwa anunue 50mm f/1.8. Ya Canon ya STM, iliyotoka 2015, ni nyepesi, ni ya bei ya chini kuliko karibu lenzi zote za Canon, na inapiga uso wa mtu kwa uzuri. Nami naipenda, lakini kwenye sensa ndogo inakuwa kama 80. Kwenye vyumba vyetu vya futi kumi kwa kumi utagonga ukuta kwa mgongo kabla familia haijaenea. Kama picha zako nyingi ni za ndani, chukua 35mm f/1.8G DX ya Nikon, au 24mm f/2.8 STM ya Canon, ambayo ni nyembamba kama andazi lililokandamizwa na inakaa mfukoni. 50 iache kwa uwanja, ufukwe, na picha ya bibi arusi amesimama mlangoni.

Nataka kupiga wanyama na ndege. Nianzie milimita ngapi?

Tembo na twiga hawana shida. Kwenye Nairobi National Park au Mikumi, barabarani tu, 250 au 300 kwenye sensa ndogo inatosha, na mara nyingine utarudi nyuma maana twiga hajaenea. Canon 55-250 IS STM ni mfano mzuri: nyepesi, inatuliza mtikisiko, na mtumba wake haumfilisi mtu. Chui aliyelala mtini mbali ni jambo jingine. Ndege ni jambo jingine kabisa. Kenya na Tanzania kila moja ina spishi zaidi ya 1,000 za ndege, na wengi wao ni wadogo kuliko ngumi yako. Hapo 400 ni mwanzo.

Sigma na Tamron wana 150-600 zinazopatikana mtumba kwa sehemu ndogo ya bei ya lenzi nyeupe kubwa za Canon. Zina uzito wa karibu kilo mbili au zaidi. Iazime au ikodishe siku moja kwanza. Wapo wanaoipenda dukani na kuichoka saa nne asubuhi.

Yapo mambo ambayo pesa haiyanunui. Jua la mchana linapopasha ardhi, hewa inatetemeka, na lenzi ya mamilioni itakupa simba aliye kama amechorwa kwa maji. Piga asubuhi hadi saa tatu, kisha baada ya saa kumi. Mwombe dereva azime injini. Na badala ya kununua stendi ambayo ndani ya gari haina pa kusimama, shona mfuko wa turubai au jinzi kuukuu, jaza choroko au mchele, uweke dirishani na ulaze lenzi juu yake. Ukisafiri kwa ndege uende nao mtupu. Choroko zipo kila soko.

Kubadilisha lenzi ndani ya gari lenye vumbi jekundu la Tsavo ni kujitafutia kazi ya kusafisha sensa. Kama una bodi mbili za kuokoteza, beba zote, kila moja na lenzi yake.

Nikienda kuangalia mtumba, nikague nini?

Nenda mchana. Beba kadi yako, betri iliyojaa kama unayo ya aina hiyo, na tochi au simu yenye tochi kali. Muuzaji anayekataa usiweke kadi yako ameshakujibu maswali yako yote.

Anza na lenzi. Fungua vifuniko vyote viwili, mulika kutoka upande mmoja na uangalie kutoka mwingine, ukiinamisha pole pole. Vumbi kidogo ndani ni kawaida kwa lenzi iliyotembea, halionekani kwenye picha. Unachotafuta ni kuvu: nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, au madoa yenye matawi, mara nyingi pembeni. Kuvu hula rangi ya kinga iliyopakwa kwenye kioo, na hata ikisafishwa alama hubaki. Lenzi za pwani zinakuwa nayo sana. Ukiiona, shukuru, rudisha, ondoka. Punguzo la bei halisaidii. Ukungu mweupe unaofanya tochi ionekane kama taa ya gari usiku wa mvua nao ni dalili mbaya. Mkwaruzo mdogo mbele si janga. Wa nyuma, upande wa kamera, unaonekana zaidi kwenye picha.

Angalia majani ya tundu: yawe makavu. Yakiwa na mafuta yatachelewa kufunga. Zungusha zumu na fokasi usikilize mchanga. Ivae kwenye bodi, fokasi kitu cha karibu, kisha cha mbali, kisha cha karibu, mara kadhaa kwa haraka. Inayosita au kunguruma ina injini inayochoka. Tikisa kidogo, mlio wa kitu kinachocheza unaweza kuwa kitulizi cha mtikisiko tu, na zipo lenzi zinazolia hivyo hata zikiwa mpya, lakini pete ya mbele isicheze.

Sasa bodi. Piga ukuta mweupe au anga kwa f/16, kisha ivute picha kwenye skrini. Madoa meusi ni vumbi la sensa, linasafishika. Mstari ulionyooka au doa lisilohama hata baada ya kusafisha ni kitu kingine. Piga picha moja kifuniko kikiwa juu ya lenzi kwa sekunde kumi: nukta chache za rangi ni kawaida, nyota za angani si kawaida. Chomeka flashi kama unayo. Angalia pini ndani ya tundu la kadi, hakuna iliyopinda. Angalia skrubu za kifungio na za chini: zilizochubuka kichwa zinasema fundi amepita. Hilo peke yake si kosa, ila muulize muuzaji fundi alifuata nini ndani, na umtazame usoni anapojibu.

Mwisho namba ya mashine iliyo chini ya bodi. Ikiwa imekwaruzwa makusudi, kamera hiyo ina mwenyewe na si huyo aliye mbele yako. Ukinunua, andikishana karatasi yenye namba hiyo, jina, simu na saini zenu wote wawili. Mwenye mali halali hakatai.

Shata imepiga 60,000. Imechoka?

Shata ni pazia la ndani linalofunguka kila unapopiga picha, na kuchoka kwake kunategemea bodi. Bodi nyingi za kuanzia zinakadiriwa 100,000. Nikon D7200 na Canon 5D Mark III ni 150,000, na Nikon D850 ni 200,000. Hayo ni makadirio ya kiwanda: nyingine hufa mapema, nyingine huvuka mara mbili. Kwa Nikon idadi hiyo hubaki ndani ya taarifa za picha yenyewe, kwa hiyo ukipiga picha moja na kuifungua kwenye kompyuta yenye programu ya kusoma taarifa hizo, utaiona. Canon nyingi haziandiki hapo. Inabidi kuchomeka bodi kwa waya na kutumia programu maalumu.

Usiiabudu namba hii. Bodi ya 20,000 iliyokaa miaka minane kabatini kwenye unyevu wa Tanga inaweza kuwa mbaya kuliko ya 80,000 ya mtu wa Arusha anayeitunza.

Hii kamera imeandikwa Kiss. Ni feki?

Si feki, ni ya Japani. Canon huita bodi ileile majina tofauti: 700D ya kwetu ni Rebel T5i Marekani na Kiss X7i Japani. Canon 4000D inajulikana pia kama 3000D na T100. (Hiyo 4000D, kwa jina lolote, ina kifungio cha plastiki na imepunguzwa vitu vingi. Ongeza kidogo upate 2000D, au afadhali mtumba wa juu zaidi.)

Tahadhari ni kwa Sony za soko la ndani la Japani: nyingi menyu zake ni Kijapani tu, hakuna pa kubadilisha lugha. Washa, ingia kwenye menyu, hakikisha kabla ya kulipa.

Kariakoo, Nairobi, Dubai au nimtume mtu?

Kariakoo, au Luthuli Avenue ya Nairobi, utapata bei ya kupatana, utashika kifaa, na ukiwahi utakirudisha. Utapokelewa na winga kabla hujajua unakwenda wapi. Winga hana duka. Cha juu chake kinaingia kwenye bei yako. Mwambie asante, ingia mwenyewe. Uliza bei ya maduka matatu bila kuonyesha haraka. Omba risiti, na kwa Tanzania bara iwe ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, kwa sababu "njoo tu kama ikisumbua" haina namba ya risiti. Uliza pia waranti ni ya nani: ya kiwanda au ya duka. Vifaa vingi vinaingia nje ya wakala rasmi, ni halisi kabisa, ila waranti yake ni neno la mwenye duka.

Dubai uchaguzi ni mkubwa na mtalii anaweza kudai kurudishiwa VAT ya asilimia 5 anapotoka uwanjani. Kisha kumbuka kwamba nyumbani VAT ni asilimia 18 Tanzania bara na 16 Kenya, na forodha wana haki ya kukuuliza. Hesabu bei yote kabla ya kusema Dubai ni rahisi. Ukiwa na kamera yako ya zamani unasafiri nayo, beba picha ya risiti yake, ili wakati wa kurudi usibishane kuhusu ulichotoka nacho.

Kumtuma mtu: mpe jina kamili la kifaa, herufi zote. "Niletee Canon hamsini" itakuletea chochote. Na usimtume mtu mtumba ambao hajui kuukagua.

Kwa muuzaji wa mtandaoni asiye na duka, kutana naye mahali penye watu, kagua, ndipo utume pesa. Anayetaka "ya kushikia mzigo" kwanza, mwache aushike.

Kadi ya 256 kwa bei ya soda mbili. Nichukue?

Feki. Inajiita GB 256 lakini ndani ni ndogo mno. Ikijaa inaandika juu ya picha zako za awali au inaziharibu kimyakimya. Nunua kadi mbili za 64 za jina linalojulikana kutoka duka lenye risiti, kisha zijaribu siku hiyohiyo kwa programu ya bure: H2testw kwenye Windows, F3 kwenye Mac na Linux. Inajaza kadi yote na kuisoma tena. Kwa video tafuta alama V30. Kama bodi yako ni ya kabla ya 2010, huenda isisome kadi inayozidi 32.

Betri vilevile. Za kampuni nyingine zenye jina zinafaa, lakini ile iliyoandikwa Canon kwa theluthi ya bei si ya Canon. Ikivimba, usiisukumize kwenye bodi.

Ninaishi Mombasa. Nitunzeje lenzi?

Hili ningeliweka la kwanza kama ukurasa huu ungekuwa wa pwani peke yake. Kuvu inapenda giza, hewa iliyosimama na unyevu wa zaidi ya asilimia 60, na hapo ndipo kabati la nguo la Mombasa, Tanga au Unguja linapoishi karibu mwaka mzima. Begi la kamera ndilo baya kuliko yote kwa kuhifadhia, maana sponji yake inakunywa unyevu na kuushika. Begi ni la safari.

Nunua ndoo au boksi la plastiki la chakula lenye mpira kwenye mfuniko. Weka pakiti kubwa za silika, zile zinazobadilika rangi zikishiba, na kipima unyevu kidogo cha bei nafuu. Lenga asilimia 40 hadi 50. Silika ikishiba, ikaushe kwenye oveni kwa moto mdogo au juani kali, urudishe. Usizidishe hadi chini ya 30. Mafuta ya ndani ya lenzi nayo yanahitaji hewa ya wastani. Mwenye lenzi nyingi anunue kabati la umeme la kukausha. La maana zaidi ya yote ni kuzitumia: lenzi inayotoka nje kila wiki haipati kuvu kirahisi.

Ukitoka chumba cha kiyoyozi kwenda nje, iache kamera ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa, la sivyo kioo kitatoka jasho. Ukirudi ufukweni, ipangusie chumvi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kisha kikavu.

Filta ya UV ya kulinda kioo?

Kwenye mchanga, mvua na watoto, sawa. Kwingine hudi ya plastiki, kile kikingo kinachovikwa mbele ya lenzi, inalinda vizuri zaidi na haiharibu picha. Filta ya bei rahisi huleta mizimu ya taa usiku, yaani madoa ya mwanga yasiyokuwepo.

Flashi na stendi je?

Flashi ya mkono kama Godox TT600 inatosha kujifunzia, ielekeze kwenye dari. Usichomeke flashi kuukuu ya enzi za filamu kwenye bodi ya dijitali bila kupima umeme wake. Baadhi zina volti za kuunguza. Stendi nunua ile nzito unayoweza kuibeba, au subiri. Ya katikati inaanguka na kamera.

Nimeshanunua, lakini nikiangalia kwenye kitundu kila kitu kina ukungu. Picha zenyewe ni kali. Nimrudie muuzaji?

Bado. Pembeni ya kitundu kuna kigurudumu kidogo cha kurekebisha macho, na mwenye kamera wa mwanzo huenda alikuwa anavaa miwani. Bonyeza kitufe cha shata nusu ili maandishi ya ndani yawake, kizungushe hadi yasomeke vizuri. Kama bodi yako ni ile 4000D, usikitafute. Hawakukiweka.